Namna ya Kuushinda Woga Katika Mtihani wa Leseni ya Lori Marekani

Mtu aliyepanda mlima Kitonga usiku akivuta tela lililojaa hadhani kwamba ipo siku mguu wake utatetemeka juu ya klachi kwa sababu tu mgeni mwenye karatasi na kalamu ameketi kando yake. Hata hivyo ndivyo ilivyonitokea katika mtihani wangu wa kwanza wa leseni ya udereva wa kibiashara hapa Marekani, leseni ambayo kila mtu huiita CDL. Tangu nianze kuwasaidia ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania kujiandaa kwa mtihani huo, nimewaona madereva hodari kuliko mimi wakianguka kwa sababu hiyohiyo. Ujuzi walikuwa nao. Hawakujua tu ni wapi mtihani unampa mtu nafasi ya kutulia, wakaendesha kana kwamba kila sekunde ya kusimama inahesabiwa kuwa kosa.

Mtihani wa vitendo una sehemu tatu, na katika majimbo mengi anayeanguka katika sehemu moja haendelei na inayofuata siku hiyo. Kwanza unalikagua gari mbele ya mtahini, kisha unaonyesha uwanjani kwamba unalimudu, hasa kwa rivasi, na mwisho unaliendesha barabarani. Kufikia hapo umekwisha kufaulu maswali ya nadharia, ambayo yanadai asilimia 80, umekaa na kibali cha mwanafunzi kwa siku zisizopungua 14, na kama unatafuta daraja A kwa mara ya kwanza, yaani kichwa na tela vyenye uzito wa paundi 26,001 au zaidi huku tela peke yake likizidi paundi 10,000, umepitia pia mafunzo yaliyofanywa ya lazima nchi nzima tangu Februari 7, 2022. Hayo nayapita haraka kwa kuwa woga mkubwa hauanzii huko.

Katika ukaguzi, kinachowatisha watu wetu wengi ni lugha. Mtihani wa vitendo hufanywa kwa Kiingereza na mkalimani haruhusiwi. Sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa kibiashara aweze kuzungumza na watu, kuelewa alama za barabarani, kuwajibu maofisa na kujaza taarifa kwa Kiingereza, na tangu Juni 25, 2025 dereva asiyeweza kufanya hivyo anaweza kuzuiwa na mkaguzi barabarani asiendelee na safari. Kwa hiyo maneno unayojifunza kwa ajili ya mtihani ni maneno ya kazi, utayahitaji kila wiki. Lakini hakuna anayekutaka uzungumze kama mtangazaji wa redio. Unatakiwa kukigusa au kukionyesha kifaa, kukitaja jina, na kusema unakikagua kwa ajili ya nini: kwamba hakijapasuka, hakijapinda, hakijavunjika, kimefungwa imara, hakivuji. Lafudhi ya Bukavu au ya Mombasa haimpunguzii mtu alama.

Anayejifunza ukaguzi kwa kusoma orodha akiwa ameketi kitandani ndiye atakayesahau kila kitu mara tu moyo utakapoanza kwenda mbio, kwa sababu amekikariri kitu kwa macho peke yake. Jifunze ukitembea. Anza kila siku mahali palepale, kwa mfano pembe ya mbele upande wa dereva, lizunguke lori kwa mwelekeo uleule, na sema kwa sauti mkono ukiwa juu ya kifaa. Mkono utangulie, ulimi ufuate. Ukifanya hivyo kwa majuma mawili au matatu, siku ya mtihani hata kichwa kikiwa kitupu mkono utakwenda wenyewe kwenye kifaa kinachofuata, na jina lake litakuja. Mama mmoja niliyemsaidia hakuwa na lori la kufanyia mazoezi nyumbani, akapanga viti sebuleni kwa urefu, kiti cha kwanza kikawa injini, cha pili ekseli ya mbele, na kuendelea hadi taa za nyuma za tela, huku watoto wake wakimsikiliza na kumkosoa matamshi. Njia ile naipendekeza kwa moyo wote, kwani hadhira ya kwanza inayokusikiliza isiwe mtahini.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mtahini anapoandika wakati wa ukaguzi, mara nyingi anakuwekea alama ya kifaa ulichokitaja sawasawa. Ukimya wake pia usiutafsiri. Hayupo pale kukufundisha, na uso usiocheka si uso wa hasira. Ukihisi umeruka kifaa, rudi ukitaje, maadamu sehemu hiyo ya ukaguzi haijafungwa.

Mahali pasipo na msamaha katika ukaguzi ni breki za upepo. Ukikosea kipimo chake, sehemu nzima ya ukaguzi imekwisha, hata kama ulitaja kila boliti bila kukosea. Kwa hiyo hapo mazoezi yawe mara mbili ya kwingineko, na namba zikae kichwani kama namba yako ya simu. Kwa kichwa na tela, injini ikiwa imezimwa, breki ya kuegesha imeachiwa na mguu umekandamiza breki kwa dakika moja nzima, upepo usipungue kwa zaidi ya 4 psi, kipimo cha mgandamizo wa upepo unachokisoma kwenye geji. Baada ya hapo unapampu breki kuupunguza upepo, na kengele au taa ya onyo lazima iwake kabla ya kushuka chini ya 55 psi, ingawa baadhi ya vitabu vimekuwa vikitaja 60, kwa hiyo shika namba iliyo katika kitabu cha jimbo lako. Ukiendelea kupampu, vifungo vya breki ya kuegesha na vya tela huruka vyenyewe kati ya 20 na 45 psi. Sema kila hatua kabla ya kuifanya. Kusema kunakupunguzia mwendo, na mwendo ukipungua, woga hupata nafasi ndogo ya kukurusha hatua. Ile dakika moja itimize yote. Mwenye woga huiona ndefu mno, akaikata katika sekunde ya ishirini.

Sasa uwanjani, ambako mimi mwenyewe nilianguka. Nilikuwa narudi nyuma kuingia kwenye nafasi ya upande wa pili, nikaona katika kioo cha kushoto kwamba tairi za tela zinaukaribia mstari. Nilijua la kufanya, kwa sababu nimewahi kuingiza tela kwenye mageti membamba kuliko ule uwanja. Lakini niliona aibu kusimama. Nilidhani mtahini atasema huyu hajui, nikazidi kukata usukani tela likiwa bado linakwenda, na koni ikaanguka. Baadaye nilipokisoma tena kitabu cha mwongozo cha jimbo nikakuta yale yaliyokuwa yameandikwa wakati wote: kusimama bila kubadili mwelekeo hakuhesabiwi chochote. Kusogea mbele ili kulinyoosha gari kwa mara za kwanza hakuadhibiwi. Kunakoadhibiwa ni kurudia kupita kiasi. Tena unaruhusiwa kushuka na kwenda kutazama kwa macho yako tela liko wapi, mara moja katika rivasi ya kunyooka, na mara mbili katika majaribio mengine ya uwanjani. Kinachokatwa alama kila kinapotokea ni kugusa au kuvuka mstari au koni.

Linganisha hayo uone hesabu inavyokwenda. Kusimama ni bure, kushuka kutazama ni bure, na koni ina gharama kila inapoguswa. Anayejua hivyo hana sababu ya kuharakisha. Mimi huwaambia ninaowasaidia wajiwekee sharti: shaka ikiingia moyoni, hata ndogo, mguu uende kwenye breki kabla mikono haijafanya lolote. Simama, toa pumzi taratibu, tazama kioo cha kushoto, tazama cha kulia, amua usukani uelekee wapi, ndipo uachie breki. Fanya hivyo katika mazoezi hata pale usipohitaji, ili kusimama kuwe mazoea na kusionekane kama kushindwa. Teremsha vioo, zima redio na feni, na uliache lori lijongee kwa mwendo wa kobe.

Angalizo moja kuhusu kushuka. Weka gia huru, vuta breki ya kuegesha, kisha shuka ukiwa umelielekea gari, huku sehemu tatu za mwili zikilishika muda wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Anayeruka chini kama tulivyozoea tukiwa na tela la Fuso anaweza kuangushwa papo hapo kwa kutojali usalama. Nimeona hofu ikimfanya mtu asahau hata breki ya kuegesha, kwa hiyo na hili lifanyie mazoezi: kila unaposhuka kwenye gari lolote, hata gari dogo la nyumbani, taja hatua zako.

Barabarani, woga una tabia moja ambayo sisi tuliojifunza kuendesha Tanzania, Kenya au Uganda lazima tuitazame kwa makini: mtu akishtuka, mazoea ya zamani hurudi. Kwetu tunaendesha kushoto na tunakaa kulia. Hapa ni kinyume chake, na upande usioonekana vizuri kutoka kwenye kiti umehamia kulia, ambako ndiko kona ya karibu ilipo. Kona ya kulia ndiyo inayopandisha tairi za tela juu ya ukingo wa njia ya miguu, nalo ni kosa linaloweza kuumaliza mtihani. Wenzetu waliojifunza Kongo, Rwanda au Burundi wamezoea kuendesha kulia na hawana shida hiyo. Wewe uliyetoka upande wa pili, kabla ya kila kona jisemee kwa mdomo njia utakayoingia. Songa mbele ndani ya makutano hadi uone kwamba tela litaipita pembe, ndipo ukate, macho yakirudi kwenye kioo cha kulia mara kwa mara.

Kusema kwa sauti hakukatazwi barabarani. Mtahini mwenyewe anaweza kukutaka ueleze ungefanya nini katika hali ambayo haipo kwenye njia ya mtihani, kama mteremko mkali au njia ya reli. Anaweza pia kukuuliza, baada ya kupita chini ya daraja, kibao kilitaja kimo gani, na hapo vipimo ni futi na inchi, si mita. Jizoeze kuvisoma vibao kwa sauti kila unapopanda gari la mtu. Kwenye reli tazama pande zote, sikiliza, usibadilishe gia wala usisimame juu yake. Usipoyasikia maelekezo, omba yarudiwe, mara moja na kwa adabu. Kuuliza ni bora kuliko kukata kona usiyoambiwa. Na gia ikikataa kuingia, usiihangaikie huku unautazama mkono. Macho yabaki barabarani, punguza mwendo, tafuta gia inayofaa. Kosa kama hilo ni dogo, na linalowaangusha watu ni lile la pili wanalolifanya wakiwa bado wanalifikiria la kwanza.

Wapo wanaochagua kufanya mtihani kwa lori la gia za otomatiki ili wapunguze jambo moja la kuogopa. Leseni itaandikwa kizuizi cha kutoendesha gari la gia za mkono, na kizuizi hicho huondolewa kwa kurudia mtihani wa vitendo katika lori la gia za mkono. Kwa mtu ambaye klachi ndiyo inayomnyima usingizi, mimi sioni ubaya. Aliyezoea gia tangu nyumbani asijifunge bure.

Kuhusu mwili, lala mapema, kula chakula ulichokizoea, na usinywe kahawa kuliko kawaida yako. Fika mapema upange kiti na vioo bila haraka. Pumzi ikibana, toa pumzi kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, mara tano au sita, na moyo utapunguza kasi. Mtu asikushauri kumeza kidonge cha kutuliza, kwa sababu kinapunguza wepesi wa mwili na akili unaouhitaji. Wala mtu asikushauri miraa, kwani kemikali iliyomo katika majani yake mabichi imepigwa marufuku na sheria ya shirikisho hapa, na leseni unayoitafuta unaweza kuipoteza kabla hujaipata.

Ukianguka, usiondoke kwa hasira. Mwombe mtahini akuonyeshe ni wapi alama zilikatika, uandike kabla hujasahau, kisha uulize siku ya kurudia ni lini na kama sehemu ulizofaulu zinabaki, maana hilo hutegemea jimbo. Mimi nilirudi baada ya majuma mawili, na katika majuma hayo sikufanya zoezi jingine ila lile la koni, nikisimama kila baada ya hatua chache hata tela lilipokuwa limenyooka. Siku ya pili nilishuka mara mbili kutazama, na mtahini hakusema neno.