Kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hatua kwa hatua (kama tunavyofundishana Ujiji)

Wengi wetu tulipita madrasa kwahiyo alifu be te tunazijua vizuri tu, ila ukiambiwa andika "chumvi" ya Uvinza unakwama hapohapo, maana zile herufi 28 za Kiarabu hazina ch, p, v wala g.

Hatua ya 1, ongeza herufi nne. پ ni be ya nukta tatu chini, hiyo ndo p. چ ni jimu ya nukta tatu, ch. ڤ ni fe ya nukta tatu juu, v. گ ni kafu yenye mstari wa pili juu, g. Kwa simu weka kibodi ya Kiajemi utazipata پ چ گ, ile ڤ rudi kibodi ya Kiarabu ushikilie ف.

Tafadhali msiruke hii hatua. Wazee wengi waliandika be moja tu kwa b, p na hata mb, na mi nina karatasi ya babu wa biashara zake imeandikwa "nimepeleka باب Tabora", nikaisoma "baba", nikakaa siku nzima nawaza baba yake alikuwa anaumwa nini mpaka apelekwe Tabora. Bibi ndo akanitoa gizani, akasema mjukuu wangu angekuwa baba angeandika nimempeleka, hiyo ni pamba. Kweli kabisa! Siku hizi pamba naiandika پَامْبَ, na ile mimu ina sukuni (kialama cha kuonyesha herufi haina irabu), hakuna wa kukosea.

Hatua ya 2, irabu. Fataha ni a, kasra ni i, dhumma ni u. E na o hazipo, zamani kasra ilibeba i na e, dhumma ikabeba u na o, msomaji anajikisia mwenyewe. Mi natumia kasra iliyosimama wima kwa e (ٖ) na dhumma iliyopinduliwa kwa o (ٗ). Hivi vialama kwenye simu vinasumbua kuvipata, kopi hapa uvihifadhi mahali.

Hatua ya 3, mkazo. Silabi ya pili toka mwisho iongezee alifu, wau au ye, ndo utamu wa khati yetu, unasoma na sauti unaisikia.

Sasa tuandike mgebuka, samaki wetu wa ziwani. Mimu na sukuni مْ, gafu (ile گ) na kasra wima گٖ, be na dhumma halafu wau maana mkazo uko hapo بُو, kafu na fataha كَ. Unganisha: مْگٖبُوكَ. Wau haishikani na herufi inayofuata, kwahiyo kafu inabaki peke yake mwishoni, usiilazimishe.

Chumvi nayo ni چُومْڤِ. Ukiweza hizo mbili bila kuchungulia, chukua jina lako, na kama lina ng' au ny andika nuni na gafu, nuni na ye, mi ndo navyofanya.