Sanduku la daktari wa vita likifika mezani kwako

Huku pwani hodi huwa ya namna hii: mtu analeta sanduku la mbao lenye misumeno na visu, anasema, "Haya ni ya vita vya Tanga vya 1914, babu alikuwa Kariakoo," yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Usikubali wala usikatae. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha anza kazi ya kukadiria umri wa vifaa na kuvitunza.

1. Vaa glavu, maana chumvi ya jasho huamsha kutu. Usifute kitu. Doa la kahawia kwenye meno ya msumeno usiliite damu. Mara nyingi ni kutu tu.

2. Piga picha kabla hujatoa kifaa hata kimoja. Tazama mahameli ya ndani: kila kifaa kina kitanda chake. Kitanda kitupu maana yake kuna kilichopotea, na kifaa kinachochezacheza kitandani huenda ni mgeni. Niliwahi kukuta koleo la kung'olea meno limelazwa pahali pa kisu.

3. Soma mpini. Hapa usiwe na haraka. Mpini wa mpingo au pembe ya ndovu, uliochanjwa mistari ya kukatizana ili usiteleze mkononi mwenye damu, kwa kawaida ni wa kabla ya madaktari kuzoea kuchemsha vifaa. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alitangaza njia yake ya kuua vijidudu mwaka 1867. Kuchemsha kulipoenea kuelekea mwisho wa karne hiyo, mbao na pembe zikawa zinapasuka, watengenezaji wakahamia chuma kitupu kilichopakwa nikeli. Chuma kisichoshika kutu kilitoka Sheffield mwaka 1913, na kilichukua miaka kuzoeleka kwa madaktari. Ukikikuta kwenye sanduku la "1914", uliza maswali.

4. Tafuta alama kwa lenzi, taa ukiilaza ubavuni. Mshale mpana ni mali ya serikali ya Uingereza. Tuttlingen ni mji wa Ujerumani wa mafundi wa vifaa hivi. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilisugua msumeno kwa dawa ya kung'arishia shaba. Ulimeremeta kweli, jina la fundi likaondoka na kitambaa.

5. Kutu ya unga wa chungwa iondoe kwa brashi laini na kijiti cha mwanzi. Ndimu, siki na sandipepa viache jikoni na gereji.

6. Unyevu ndio mtihani. Chuma kinataka hewa kavu, chini ya asilimia 40. Pembe na mbao zikikaushwa hivyo hupasuka. Kifaa chenye vyote viwili mimi hukiweka kwenye 45 hivi, ndani ya boksi la plastiki lenye silika jeli (vidonge vya kunyonya unyevu) na kipima unyevu, nikakikagua kila mwezi.

7. Funga lebo kwa utepe wa pamba. Kwenye kadi, "Tanga 1914" iandike penye maelezo ya mleta. Penye tarehe, andika kile mpini na alama vilichokuambia.