Jinsi ya Kusoma Tangazo la Bondi ya Serikali Kabla Chama Hakijatoa Pesa

Bondi ya serikali, au hatifungani, ni mkopo. Mkopeshaji ni wewe, mkopaji ni Hazina ya Taifa, na Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayoendesha mnada na kutunza daftari. Hayo wengi wanayajua. Kinachowaponza ni kutazama riba na kuisahau bei. Riba iliyoandikwa na bei unayolipa ni vitu viwili tofauti, na maneno mengi magumu ya soko hili yamezaliwa katikati ya hivyo viwili.

Tuyachukue maneno hayo kwa mpangilio yanavyoigusa pesa yako. Mfano wetu ni chama cha wafanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, chenye akiba ya shilingi 500,000.

Jina la bondi

Ukiona FXD1/2024/10, soma hivi: FXD ni bondi ya riba isiyobadilika, 1 ni toleo la kwanza la aina hiyo mwaka huo, 2024 ni mwaka ilipotolewa, na 10 ni miaka yake tangu kutolewa. IFB ni bondi ya miundombinu, ambayo pesa zake hutengewa barabara, maji, umeme na miradi kama hiyo. IFB1/2024/8.5, ile ya Februari 2024 iliyovuta watu wengi, ilikuwa ya miaka minane na nusu kwa kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 18.4607.

Hapa pana mtego mdogo. Benki Kuu mara nyingi huifungua upya bondi ya zamani, yaani huiuza tena mnadani, badala ya kutoa mpya. Bondi ya miaka 10 iliyotolewa 2024 ikifunguliwa upya miaka miwili baadaye, wewe unanunua miaka minane. Tafuta kwenye tangazo tarehe ya kuiva, yaani siku utakayorudishiwa mtaji, uhesabu mwenyewe. Kwa bondi za miundombinu soma pia kama mtaji utarudishwa mara moja au kwa mafungu. Ukirudishwa kwa mafungu, kuponi hupungua kila fungu linapolipwa, na chama kisichojua hilo hudhani kimepunjwa.

Kuponi na kodi

Kuponi ni riba ya mwaka inayohesabiwa juu ya thamani iliyoandikwa ya bondi, si juu ya pesa ulizotoa. Hulipwa mara mbili kwa mwaka. Chama chetu kikiwa na bondi ya miaka 10 yenye thamani ya 500,000 na kuponi ya asilimia 13, kitapata 65,000 kwa mwaka, yaani 32,500 kila nusu mwaka.

Kabla pesa hazijafika benki hukatwa kodi ya zuio: asilimia 10 kwa bondi ya miaka 10 au zaidi, asilimia 15 kwa ya muda mfupi zaidi ya hapo. Kwa hiyo 32,500 inakuwa 29,250. Bondi za miundombinu kwa kawaida hazikatwi kodi hii, na tangazo husema hivyo waziwazi. Ndiyo maana usilinganishe asilimia mbili kabla ya kutoa kodi. Asilimia 13 yenye kodi ya asilimia 10 hubaki 11.7, bondi ya miundombinu ya asilimia 12 inaishinda.

Bei, na faida halisi

Bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa. Ikiwa ni 100, faida yako ni sawa na kuponi. Ikiwa chini ya 100 umenunua kwa punguzo, na faida yako inazidi kuponi, kwa sababu siku ya kuiva utalipwa 100 kamili. Ikiwa juu ya 100 umenunua kwa nyongeza, na faida yako iko chini ya kuponi. Faida hiyo halisi, inayochanganya kuponi na tofauti ya bei hadi siku ya kuiva, huandikwa YTM kwenye orodha za soko. Hiyo ndiyo nambari ya kulinganisha bondi moja na nyingine.

Bei na faida ya soko huenda kinyume, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Chukua bondi yetu ya asilimia 13 iliyonunuliwa kwa 100. Soko likianza kudai asilimia 16, hakuna atakayekupa 100 kwa karatasi inayolipa 13. Ikiwa imebakiza miaka 10, bei itashuka hadi karibu 85.27. Ikiwa imebakiza miaka miwili tu, itashuka hadi karibu 95.03. Soko likishuka hadi asilimia 10, ile ya miaka 10 inapanda hadi karibu 118.69. Serikali haijavunja ahadi yoyote katika hayo yote: kuponi inaendelea kuingia vilevile, na mwenye kungoja hadi mwisho atapata 100 yake. Anayeumia ni aliyelazimika kuuza katikati. Chama ambacho kila Januari hutoa karo kutoka mfuko huohuo hakifai kuweka mfuko wote kwenye bondi ya miaka 15, hata kama kuponi yake inapendeza.

Zabuni

Mnunuzi mdogo hutuma zabuni isiyo ya ushindani: unasema kiasi tu, na unapewa wastani wa viwango vya faida vilivyokubaliwa mnadani. Zabuni ya ushindani, ambayo mtu hutaja kiwango anachotaka, huanzia shilingi milioni 2, na ukitaja kiwango cha juu mno unaachwa nje. Kwa bondi mpya tangazo linaweza kusema kuponi itaamuliwa na soko. Maana yake ni kwamba unatuma zabuni bila kuijua kuponi. Itatokana na wastani wa mnada wenyewe.

Zabuni hutumwa kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023, kwa simu au kompyuta. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki ya humu nchini kwa jina lilelile. Herufi moja ikitofautiana kati ya benki na kitambulisho, usajili hukwama. Chama kiwe na cheti cha usajili na akaunti yake chenyewe. Bondi ikiandikwa kwa jina la mweka hazina, kisheria ni yake, na akifariki mtasumbuka na mirathi ya watu wengine. Ukikwama, nenda tawi la Benki Kuu mjini Kisumu uulize ana kwa ana.

Mnada wa bondi kwa kawaida hufungwa Jumatano na malipo hufanywa Jumatatu inayofuata. Matokeo yakitoka, mfumo hukupa kiasi kamili cha kulipa na nambari ya malipo. Lipa kiasi hichohicho, hadi senti, kwa nambari hiyo. Asiyelipa anaweza kuzuiwa kushiriki minada ijayo, kwa hiyo watia saini wa chama wawe wamepatikana kabla ya Jumatatu.

Kwa nini umeambiwa ulipe zaidi ya 500,000?

Swali hili huja kila bondi inapofunguliwa upya. Jibu ni riba iliyokwisha kujikusanya. Kama siku 91 zimepita tangu kuponi ya mwisho, bondi ya asilimia 13 imekusanya 3.25 kwa kila 100, yaani 16,250 kwa 500,000. Riba hiyo si yako, kwa hiyo unailipa wakati wa kununua, halafu kuponi ijayo unapewa nzima. Kwenye daftari la chama, 16,250 hizo ziandikwe kando na bei, la sivyo mwisho wa mwaka mtajitangazia faida ambayo hamkuipata.

Hati za muda mfupi

Hizi ni hati za mkopo wa serikali za siku 91, 182 na 364, na mnada wake ni wa kila wiki. Hazilipi kuponi: unalipa pungufu, unarudishiwa kamili. Kupata bei ya kila 100, zidisha kiwango kwa siku, gawanya kwa 365, jumlisha moja, kisha gawanya 100 kwa jibu hilo. Kwa siku 364 na asilimia 8, hati ya 100,000 hugharimu karibu 92,611. Faida ni 7,389, na kodi ya asilimia 15 ikitoka inabaki karibu 6,281.

Kutoka kabla ya wakati

Bondi huuzwa kwenye soko la upili, yaani Soko la Hisa la Nairobi, kupitia benki au wakala aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji. Uliza bei ya bondi yako hasa, kwa sababu nyingine hupata mnunuzi siku hiyo na nyingine hukaa. Benki Kuu yenyewe huinunua kama kimbilio la mwisho tu, kwa kiwango kilicho asilimia 3 juu ya cha soko, na ukikumbuka hesabu ya 85.27 utaona ukali wake. Kabla ya kufika huko, iulize benki kama itaipokea bondi kuwa dhamana ya mkopo. Mara nyingi mkopo wa miezi michache hugharimu kidogo kuliko kuuza kwa hasara.

Bondi za kampuni hutumia maneno haya haya, lakini mlipaji si serikali. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015 ikiwa imetoka tu kuuza bondi ya shilingi bilioni 2, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Kuponi ya kampuni ikizidi ya serikali kwa asilimia tatu au nne, ziada hiyo ni malipo ya hatari hiyo, na swali la kuuliza ni mali gani imewekwa dhamana na nani hulipwa kwanza kampuni ikianguka.