Kutatua Wavu Uliosokotana Bila Kuuharibu

Wavu wa nailoni ukitoka Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria, huja na samaki, gugumaji na misokoto, vyote pamoja. Anza kuutatua ungali umelowa. Mizizi ya gugumaji ikiwa mibichi huteleza mkononi ikatoka yote. Ikikauka hukatika vipande vinavyoshika kila fundo, na utavichambua mchana kutwa.

Nasua samaki kwanza. Ngege (sato) na mbuta (sangara) hawasumbui sana: angalia waliingilia upande gani, uvue uzi kwenye mashavu. Mwenye taabu ni gogogo, ambaye Wajaluo humwita okoko. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, nayo ina meno ya msumeno. Akishtuka huisimamisha na kuikaza isilale tena. Ukimvuta, utachana wavu na kujichoma. Shika mwiba kwa koleo karibu na mwili, uuvunje, kisha uvue uzi taratibu.

Sasa tafuta kamba mbili: ya juu yenye vilezo, yaani maboya ya kuuelekeza wavu juu, na ya chini yenye machubwi, yaani vizito vya kuuzamisha. Wengi hushika wavu katikati, palipovimba, wakavuta. Hapo ndipo msokoto unapokuwa fundo, kwa kuwa uzi wa nailoni hukazana kila unapovutwa. Funga ncha ya kamba ya juu kwenye nguzo, usawa wa kifua, uanzie hapo. Tatua kama mita mbili, ndipo uendelee.

Wavu ukiwa umejiviringa kwenye kamba ya juu, mwenzako aishike kamba ya chini bila kuikaza, nawe uzungushe bunda lililobaki kinyume cha msokoto. Ukizungusha na bado haufunguki, acha. Huenda chubwi limepenya tundu. Katika wavu wenye tundu za inchi 5, kipimo cha chini kinachoruhusiwa Kenya kwa nyavu za kutega Ziwa Victoria, chubwi hupita bila shida. Fuata kamba ya chini kwa vidole hadi inapozama ndani ya wavu, panua tundu hiyo, ulirudishe chubwi kwa njia lililoingilia. Mara nyingi tundu moja ikiachia, mita nzima hukunjuka yenyewe.

Ikibidi kukata, kata uzi mmoja katikati ya mafundo mawili, kamwe usikate fundo lenyewe. Uzi mmoja huunganisha tundu mbili tu, na sindano ya nyavu huziba upesi. Fundo hushika tundu nne; likikatwa, zote huwa shimo moja ambalo samaki mkubwa atapita.

Kila sehemu iliyokwisha ikunjwe papo hapo, vilezo kushoto, machubwi kulia. Ukimaliza, funga pamoja ncha za kamba zote mbili ili anayekwenda kutega jioni aone mwanzo hata gizani. Anika kivulini, jua huidhoofisha nailoni, na uzi uliochoka hukatika mtu akiutatua hata kwa upole.