Kabla hujamwaga maji ya kijani bwawani

Kila mwenye bwawa la kuogelea nyumbani huapa kwamba jana maji yalikuwa safi. Si kweli. Kwanza kuta zinaanza utelezi, ukishika ngazi vidole vinateleza, nawe unajifanya huoni. Halafu umeme unakatika siku mbili, au unasafiri kwenda msibani, mvua inanyesha, ukirudi unakuta mlenda.

Kabla hujafanya lolote, soma haya. Nayaandika kwa mwenye bwawa dogo la saruji kama lililokuwa letu Mbezi Beach: mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5.

Jua ujazo. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Letu lilikuwa mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Asiyejua namba hiyo anatia dawa kwa kubahatisha.

Watoto watoke na lango lifungwe. Kama huoni tundu la sakafuni kwenye kina kirefu, haingii mtu, hata bingwa wa kuogelea. Anayezama kwenye maji ya namna hiyo haonekani.

Toa majani kwa wavu, kisha sugua kuta zote, hasa pembeni na nyuma ya ngazi. Mwani, yaani ule ujani wenye utelezi, ukigandamana ukutani unajikinga wenyewe. Klorini huua wa juu, wa chini ukaota tena. Madoa meusi sugu yanataka brashi ya waya, lakini kwenye saruji tu. Vigae utavichuna.

Shusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ifike 7.2 hivi kabla ya klorini. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini uliyotia ndiyo yenye nguvu ya kuua. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo. Watu wanamwaga ndoo nzima kwenye maji ya pH 8.2 kisha wanamlaumu muuza dawa. Ualkali nao uwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, vinginevyo pH itakuchezesha kila siku. Ukipungua, gramu 17 za baikaboneti ya soda kwa kila mita ya ujazo huupandisha kwa 10.

Pima kwa matone, usipime kwa macho. Na ukiona kipimo cha klorini kimegeuka pinki kisha kikawa cheupe papo hapo, usiongeze dawa. Klorini imezidi mpaka imefuta rangi.

Usichanganye dawa. Klorini na asidi vikikutana hutoa gesi inayoua. Klorini ya punje na ile ya vidonge zikikutana kwenye ndoo moja zinaweza kuwaka moto au kulipuka, kwa hiyo hata kijiko zisichangie.

Sasa nije kwenye kilichotugharimu.

Sisi tulipenda vidonge, kwa sababu unatupia viwili kwa wiki kwenye kielea, kile kikopo cha dawa kinachoelea majini, unasahau. Hatukujua kwamba kila kidonge kina asidi ya sianuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini na jua. Kiasi chake kikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, ni neema. Tatizo ni kwamba klorini inaisha, asidi hiyo haiishi. Inabaki majini na kuongezeka. Kidonge kimoja cha gramu 200 kwenye lita 48,000 kinaongeza zaidi ya miligramu 2 kwa lita. Viwili kwa wiki, mwaka mzima, piga hesabu mwenyewe. Ikizidi, inaing'ang'ania klorini hadi haifanyi kazi. Kipimo kinasema klorini ipo, na mwani unaota mbele yake bila aibu.

Ikafika mwezi wa tano, masika yamekolea, maji yakawa kijani. Tukatia dawa, yakabaki kijani. Tukatia tena. Kijana aliyekuwa akitusafishia bwawa akasema, "Mama, haya maji yamechoka. Tumwage tuanze upya." Kuhusu maji hakukosea, maana asidi ile haina dawa ya kuaminika zaidi ya kubadilisha maji. Alikosea mwezi. Nami niliyemwambia sawa nilikosea zaidi, kwa sababu shimo la choo lilikuwa limejaa tangu mwezi wa nne na nilikuwa nimeshaita gari la kunyonya mara mbili. Maji ya ardhini yalikuwa pale chini ya miguu yetu, nayalipia, na bado sikujiuliza.

Tukakodi pampu, tukavuta kutwa nzima. Jioni bwawa lilikuwa tupu, tukapiga na picha. Saa tisa usiku nikasikia mlio kama nazi imeangukia bati. Nikajua ni nazi, nikalala. Asubuhi nikakuta ukingo wa upande wa kina kirefu umenyanyuka, umepanda juu ya vigae vya uani. Nikapenyeza kiganja kwenye ule mwanya, kikaingia mpaka kwenye kifundo. Bomba la skima, ule mdomo wa ukutani unaovuta maji ya juu kwenda kwenye chujio, lilikuwa limekatika. Ufa ulishuka kutoka kwenye ngazi mpaka sakafuni, na ndani ya ufa yalikuwa yanachuruzika maji safi, meupe, kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo bwawani.

Mzee jirani, aliyefanya ujenzi maisha yake yote, akachungulia juu ya ukuta.

"Mwanangu, mmelimwaga mwezi huu?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, jana."

"Marahaba. Basi mmeshusha shehena, jahazi limeelea."

Ndivyo ilivyokuwa. Lita 48,000 ni tani 48, na uzito huo ndio uliokuwa umelikalisha bwawa chini. Maji ya ardhini yakipanda yanalisukuma juu kama yanavyosukuma chombo chochote kitupu, na saruji peke yake haikuweza kushindana nayo. Mabwawa mengine huwekewa vali sakafuni, inayoruhusu maji ya ardhini yaingie ndani ili msukumo upungue. Letu lilikuwa nayo. Fundi wa vigae aliipaka saruji miaka ya nyuma akidhani ni tundu linalovuja.

Kwa hiyo pima sianuriki kwanza. Ikiwa chini ya 50, usimwage hata ndoo. Maji hayo yanatibika hata yakiwa kijani kama kisamvu. Kanuni ninayoifuata ni kupandisha klorini ifike karibu asilimia 40 ya sianuriki. Sianuriki ikiwa 30, klorini iwe 12, na kwa bwawa kama letu hiyo ni karibu gramu 900 za klorini ya punje yenye nguvu ya asilimia 65. Koroga kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji: punje ndani ya maji, si maji juu ya punje. Tia jioni, kwa sababu jua kali la mchana hula klorini kwa kasi, hasa isiyokuwa na kinga. Pampu izunguke usiku na mchana. Maji yatageuka kijivu kama ya kuoshea mchele. Huo ni mwani uliokufa, usitishike. Chujio la mchanga litajaa upesi. Geji yake ya presha ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya pale inaposimama chujio likiwa safi, geuza mkondo wa maji ulioshe. Pima klorini kila jioni na asubuhi. Ikiwa bado inapungua sana usiku, penye giza, mwani bado uko hai, endelea kutia.

Sianuriki ikiwa imezidi, badilisha maji robo kwa robo. 100 inashuka kuwa 75, kisha 56, kisha 42. Ifanye kazi hiyo kiangazi, na hata wakati huo chungulia kisima cha karibu, au chimba shimo kando ya bwawa, ulale, asubuhi uangalie kama lina maji. Ukisikia mtaa mzima unaita magari ya kunyonya, ahirisha.

Ukijaza kwa maji ya kisima, pima nayo kabla. Maji yenye chuma yakikutana na klorini hugeuka rangi ya chai, na wengi huyatibu kama mwani. Dawa ya mwani yenye shaba nayo usiitie kwa mkono wa ukarimu, inaacha madoa kwenye kuta. Pampu isipozunguka wiki moja na klorini ikaisha, viluwiluwi vya mbu vitakuwa vimeshakomaa. Vaa glavu. Vifuniko vya dawa vibane, viwekwe mbali na jua na mbali na jenereta. Na fundi wa vigae akimaliza kazi, shuka mwenyewe sakafuni uangalie amepaka nini.