Kuunga kompyuta na skrini ya kichogo ya mashine ya gemu
Skrini nyingi za mashine za gemu za miaka ya 1980 huchora mistari kwa kHz 15.7 (mistari 15,700 kwa sekunde), kompyuta inapowaka hutoa 31.5. Hapo picha huchanika au hujirudia, na saketi ya skrini inaweza kuungua. Kwa hiyo pitisha mawimbi ya picha kwenye J-PAC, kibodi kidogo cha saketi kinachounga kompyuta na mashine ya gemu: huzuia yaliyozidi na kukuza rangi, maana volti 0.7 za VGA (tundu la picha la kompyuta lenye pini 15) huleta picha hafifu. Kadi ya picha ya Radeon ya zamani yenye CRT Emudriver, programu ya kuiendesha kwa skrini za kichogo, hutoa kHz 15.7 vizuri.

Kwenye VGA, pini 1 nyekundu, 2 kijani, 3 bluu, 6 hadi 8 ethi zake, 13 na 14 mapigo ya kutuliza picha.

Usiruke transfoma ya kutenganisha umeme! Chasisi nyingi (bodi za saketi za skrini) hubeba umeme wa ukutani moja kwa moja.