Andika kabla hujafungua kitabu kinachofuata

Wewe unayesoma vitabu vitatu au vinne kwa mwezi, nakushauri usifungue kitabu kipya kabla hujaandika mistari mitano kuhusu kile ulichokimaliza, siku hiyohiyo, katika daftari la kawaida. Usiandike muhtasari, kwa kuwa huo hupatikana hata nyuma ya jalada. Andika namba ya ukurasa uliokusimamisha na sababu iliyokufanya usimame.

Mwezi wa Julai, upepo wa baridi wa hapa Dodoma uliponifungia ndani jioni nyingi, nilirudia maandishi ya Mathias Mnyampala, mshairi Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, ambaye mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Nilidhani kilichonigusa zaidi ni habari za watemi. Daftari lilinionyesha vingine: karibu kila nilichokiandika kilihusu mvua na njaa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote nilikuwa nikimtafuta marehemu bibi yangu, aliyekuwa akitusimulia mambo ya namna hiyo huku akichambua mlenda. Kumbukumbu peke yake isingenipa jambo hilo, nami nalithamini kuliko idadi ya vitabu nilivyomaliza.

Mwezi unapokwisha, soma mistari yote kwa mara moja, bila kufuta neno. Kitabu kilichokushinda nacho kiandikie ukurasa ulipoishia, kwa sababu huenda mwakani ukakirudia ukiwa msomaji mwingine.